Kitabu Kimoja, Wasomaji Wengi: Historia ya Kusomeana Hadithi za Kiswahili katika Kisii na Nyamira

Neno gosoma la Kigusii, pamoja na neno egetabu, yametokana na Kiswahili, ama moja kwa moja ama kwa kupitia Kijaluo. Yote mawili yamekwisha kupokewa katika sarufi ya Kigusii hata hayana tena alama ya ugeni. Kiambishi ko- cha kitenzi kimegeuka kuwa go- mbele ya s, na eke- ya ngeli kimegeuka kuwa ege- mbele ya t, kama kanuni ya Dahl inavyotaka. Linganisha na korora, kuona, na kogenda, kwenda, ambapo k imesalia. Kwa upande mwingine, neno la hadithi halikuazimwa. Hadithi huitwa omogano, na wingi wake ni emegano, na neno hilo ni la Kigusii tangu zamani. Kitendo cha kusoma kilikuja kutoka nje, na chombo chake kilikuja kutoka nje, lakini kile kilichokuwamo ndani ya chombo kilikuwa na jina lake tayari, na adabu zake, na saa yake ya jioni.

Hoja hii ndogo ya msamiati ni mlango mzuri wa kuingilia katika jambo ambalo wanafasihi wamelipuuza. Historia ya riwaya ya Kiswahili imeandikwa zaidi kama historia ya waandishi na ya wachapishaji: nani alitunga nini, mwaka gani, chini ya itikadi ipi. Msomaji hutajwa kwa jumla tu, na aghalabu huchukuliwa kuwa mtu wa Pwani, wa Unguja au wa Dar es Salaam. Msomaji wa bara, ambaye Kiswahili si lugha ya mama yake, hana sura katika historia hiyo. Lakini ndiye aliyenunua, aliyeazima, na pengine aliyeiba, sehemu kubwa ya vitabu vilivyouzwa Kenya. Nchi ya Wagusii, ambayo leo ni Kaunti za Kisii na Nyamira, ni mahali panapofaa kumtafutia. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 1969 nchi hiyo ilikuwa wilaya moja. Ikagawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980. Na katika hesabu ya mwaka 2019 Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, na Nyamira watu 605,576. Wengi wao husema Kigusii nyumbani, na Kiswahili hukutana nacho sokoni, safarini na shuleni.

Lugha ya amri

Kiswahili hakikufika Gusii kwa njia ya hadithi. Kilifika pamoja na boma. Waingereza walipoweka kituo chao mwaka 1907 mahali palipoitwa Getembe, na ambapo wenyeji walipaita pia Bosongo, yaani penye Wazungu, lugha iliyosikika baina ya askari, wakalimani na wapagazi ilikuwa Kiswahili cha kuagiza. Mwezi Januari mwaka uliofuata Otenyo alimchoma mkuki G.A.S. Northcote, afisa wa serikali, na jeshi likaja kuadhibu nchi. Baadaye vijana walianza kwenda kufanya kazi Kericho katika mashamba ya chai, na huko wakajifunza Kiswahili cha mnyapara. Kiswahili hicho kilitosha kuhesabu vikapu na kudai mshahara. Hakikutosha kuchekesha wala kuliza.

Lugha ya dini nayo ilikuwa nyingine. Wamisheni wa Kikatoliki wa Mill Hill walifika Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista Wasabato wakajenga Nyanchwa muda mfupi baadaye. Makanisa yote mawili yalikuwa yameanza kazi kwa Wajaluo, na kwa hiyo walimu wa kwanza na vitabu vya kwanza vilivyoletwa Gusii vilikuwa vya Kijaluo, jambo ambalo waumini wa Kigusii hawakulipenda. Mwezi Septemba 1914, Wajerumani na Waingereza walipopigana Kisii, raia waliuteka mji na vituo vya misheni na kuvipora. Baada ya vita kazi ikaanza upya, na maandishi ya Kigusii yakaongezeka polepole: Agano Jipya lilitoka mwaka 1948, na Biblia nzima mwaka 1988. Kiwanda cha Waadventista cha Gendia, katika Nyanza ya Kusini, kilichapa vitabu vya ibada.

Ni vema kukaa kidogo juu ya Uadventista, maana bila huo historia ya usomaji katika nchi hii haifahamiki. Ellen White, ambaye maandiko yake yana heshima kubwa katika kanisa hilo, aliyeaga dunia mwaka 1915, aliwaonya waumini mara nyingi dhidi ya kusoma riwaya. Alizihesabu kuwa kitu kinachodhoofisha akili na kuipotezea hamu ya Neno. Kwa hiyo pale kanisa lilipokuwa na nguvu, na katika Kisii na Nyamira lilikuwa na nguvu kweli, kijana mwenye kitabu cha hadithi hakuwa na haja ya kuonywa na serikali; alionywa kwanza na mafundisho. Kusoma kulikuwa wema mkubwa, kwa sababu kulimfungulia mtu Maandiko. Kusoma jambo ambalo halikutokea, kwa furaha tu, lilikuwa suala jingine. Hapa pana kinaya, kwa maana nyumba hiyohiyo iliyokuwa na shaka na riwaya ilikuwa na bibi aliyesimulia emegano za wanyama na mazimwi usiku kucha, na hakuna aliyemwita mwongo.

Vitabu vya kufasiriwa, na vitabu vya mashindano

Vitabu vya kwanza vya hadithi za Kiswahili kusambazwa sana katika shule za Afrika ya Mashariki vilikuwa tafsiri. Frederick Johnson na wenzake walitoa Mashimo ya Mfalme Sulemani, Kisiwa chenye Hazina na Alfu Lela Ulela katika mwaka 1929, wakati Kiswahili Sanifu kilipokuwa kikiundwa, na Kamati ya Lugha ya nchi zote nne ikaanzishwa tarehe 1 Januari 1930. Wahakiki wamezilaumu tafsiri hizi kwa kubeba fikra za kikoloni, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini kwa msomaji wa bara zilikuwa na jambo moja la pekee: Kiswahili chake kilikuwa kimesawazishwa kwa makusudi ili kieleweke na asiyetoka Pwani, na kisa chake kilikimbia. Ndicho Kiswahili cha kwanza kumjia msomaji huyo bila amri.

Kisha sera ikageuka. Ujumbe wa Binns wa mwaka 1952 ulipendekeza Kiswahili kipunguzwe katika shule za sehemu zisizokuwa zake, ili lugha za mama na Kiingereza zipate nafasi. Wakati huohuo Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 na kuongozwa na Charles Richards, lilikuwa likifanya kazi ya kinyume chake: kuchapa vitabu vya bei nafuu, kupeleka masanduku ya vitabu vijijini, na kuendesha mashindano ya utungaji. Shirika hilohilo lilitoa mwaka 1956 kitabu cha Wilfred Whiteley cha kufundishia Kigusii, naye Whiteley akaongeza uchunguzi wake wa njeo za Kigusii mwaka 1960. Wanaomkumbuka mtaalamu huyo kwa kazi zake za Kiswahili husahau kwamba alisikiliza pia milima ya Gusii.

Katika mashindano ya mwaka 1957-58 alishinda Muhammed Said Abdulla wa Unguja, na Mzimu wa Watu wa Kale kikachapishwa mwaka 1960. Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, aliingia bara kwa mlango huo. Kwa msomaji wa Kigusii kitabu hiki kilikuwa na kitu kilichokaribia nyumbani kuliko kilivyoonekana. Mauaji yanafungamanishwa na mahali pa mzimu, watu wanaogopa kutaja, na mpelelezi anakataa kuogopa. Mtu aliyelelewa akisikia habari za ebirecha, roho za wahenga zinazodai haki zao, hakuhitaji kuelezwa kwa nini watu wa shamba lile walinyamaza. Alichohitaji kuelezwa ni mengine: sebule, baraza, tambuu, kanzu, jinsi mtu anavyobisha hodi mjini Unguja, na kwa nini maneno ya heshima yanachukua nusu ya ukurasa.

Kusomeana

Ugumu huu wa maneno ulizaa desturi. Lugha hizi mbili ni za Kibantu, na msomaji wa Kigusii hufahamu mengi kwa kusikia tu: omonto ni mtu, omogeni ni mgeni, enyomba ni nyumba, omote ni mti, amache ni maji. Msamiati wa ardhi, wa mwili na wa ukoo humfungulia. Lakini riwaya ya Pwani haikai katika ardhi na ukoo peke yake. Mara inapogusa sheria, hisia, biashara au dini, huingia katika maneno yenye asili ya Kiarabu, na hapo undugu wa Kibantu haumsaidii mtu. Kwa matamshi pia kuna kizuizi. Kigusii kina irabu saba, kina toni, na katika mfumo wake wa asili hakina f, v wala z. Msomaji wa rika la kale aliyesoma kwa sauti alikuwa anafanya kazi mbili, ya kufahamu na ya kutamka.

Kwa hiyo kitabu kigumu kilisomwa na watu wawili au watatu, mmoja akisoma na mwingine akikisia. Aliyewahi kufanya kazi Mombasa au Nairobi alikuwa kamusi ya kikundi. Jambo hili lisichukuliwe kuwa upungufu wa elimu peke yake. Kitabu chenyewe kilikuwa kimoja. Kilikuwa mali ya shule au kimeletwa na ndugu aliyekuja likizo. Na kusubiri zamu kulikuwa kugumu kuliko kusikiliza. Tena namna ya kusikiliza ilikuwa tayari imeandaliwa na omogano. Msimulizi wa emegano hazungumzi peke yake; hadhira humwitikia, humkumbusha, humkatiza kwa wimbo. Msomaji wa kitabu mbele ya wenzake alitendewa vivyo hivyo. Alisimamishwa ili watu wabishane kama Bwana Msa amekosea. Aliombwa arudie. Na aliyemaliza kusoma kwanza alikuwa na mamlaka ya hatari, kwa kuwa aliujua mwisho.

Wananadharia wa fasihi huzoea kutenga fasihi simulizi na fasihi andishi kama vyumba viwili vyenye ukuta katikati. Katika kusomeana huku ukuta haupo. Hadithi iliyochapwa Nairobi, iliyotungwa Unguja, ilifika Nyaribari au Mugirango ikapewa mwili wa simulizi, na mara nyingi aliyeisikia aliisimulia upya kwa Kigusii kwa wale wasiojua Kiswahili kabisa. Huo nao ni usomaji, ingawa hauonekani katika hesabu ya nakala zilizouzwa.

Baada ya uhuru

Kutoka miaka ya 1960 vitabu viliongezeka, na riwaya ya Kiswahili ikaanza kutungwa na Wakenya wa bara. John Ndeti Somba alitoa Kuishi Kwingi ni Kuona Mengi mwaka 1968 na Alipanda Upepo na Kuvuna Tufani mwaka 1969. Hapa msomaji wa Kisii alikuta mji, kazi na kanisa kama anavyovijua yeye, na Kiswahili kisichomtaka awe mgeni. Faraji Katalambulla wa Tanzania alikuwa amekwisha kutoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1971, kilisababisha mabishano kila kilipofika, na mabishano ni tangazo zuri la kitabu. Magazeti yalisaidia pia, hasa Taifa Leo, gazeti la kila siku tangu 1960, lililopita mikono mingi kabla ya kufungia sukari.

Haipasi kuficha kwamba Kiingereza kilishindana na Kiswahili, na mara nyingi kikashinda. Son of Woman cha Charles Mangua kilitoka mwaka 1971, na vitabu vya David Maillu vikafuata kuanzia mwaka 1973. Vilikuwa vyepesi na vyenye mambo ambayo mwalimu wa bweni hakutaka kuyaona. Vilisomwa chini ya blanketi katika mabweni ya nchi nzima. Riwaya ya Kiswahili ilikuwa na sifa ya uungwana zaidi, na sifa hiyo iliipunguzia wasomaji wa umri ule.

Kitabu cha mtihani

Mgeuko mkubwa ulitoka kwa Tume ya Mackay ya mwaka 1981. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa, kwanza katika shule za msingi, kisha katika mtihani wa kidato cha nne ulioanza mwaka 1989. Fasihi ikapewa karatasi yake. Tangu hapo kila kijana wa Kisii na Nyamira aliyefika kidato cha nne alipaswa kusoma riwaya, tamthilia na hadithi fupi za Kiswahili, apende asipende.

Ni desturi ya wataalamu kulalamika kwamba vitabu vya lazima vimeua usomaji wa hiari. Madai hayo yana ukweli nusu. Ni kweli kwamba mwanafunzi wengi hukimbilia miongozo, akajua maudhui na sifa za wahusika bila kukutana na wahusika wenyewe. Ni kweli pia kwamba riwaya iliyosomwa kwa hofu ya swali la alama ishirini hupoteza ladha. Lakini madai hayo yametolewa na watu waliokulia kwenye vitabu. Katika nyumba ambayo haikuwa na kitabu ila Biblia na kitabu cha nyimbo, kitabu cha mtihani kilikuwa riwaya ya kwanza kuvuka kizingiti. Na kilivuka kwa idhini. Onyo la kanisa dhidi ya riwaya halikuweza kukizuia, kwa sababu karo ilikuwa imelipwa na mtihani ulikuwa unakuja. Mzazi aliyekuwa na shaka juu ya hadithi za kubuni ndiye aliyekwenda dukani mjini Kisii au Keroka kuinunua. Hii ndiyo kazi ambayo mtihani uliifanya bila kukusudia: uliihalalisha hadithi.

Kitabu kilipokwisha kuingia ndani hakikubaki mikononi mwa mtahiniwa. Wadogo zake walikisoma kabla ya zamu yao. Mama aliyesikia Kiswahili cha sokoni tu alisikia Kiswahili cha riwaya kikisomwa kwa sauti penye moto. Vikundi vya maigizo vilizunguka shuleni vikiigiza vitabu vilivyoteuliwa, na ukumbi mzima ukaitikia kama hadhira ya omogano inavyoitikia. Tena, kwa kuwa kitabu ni kimoja kwa nchi nzima kwa miaka kadhaa, kikazuka kitu kinachofanana na rika. Kuna rika la Utengano cha Said Ahmed Mohamed, rika la Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora, rika la Chozi la Heri cha Assumpta Matei, na la karibuni zaidi, rika la Nguu za Jadi cha Clara Momanyi. Watu wasiojuana, mmoja wa Ogembo na mwingine wa Nyansiongo, hukutana ndani ya matatu na kumwita kiongozi fulani Nasaba Bora, na abiria wote wa rika hilo hucheka pamoja. Wasomaji wa London na Paris waliosubiri toleo jipya la riwaya za mfululizo katika karne ya 19 walikuwa na umoja wa namna hiyo, ingawa wao waliununua.

Walibora anastahili neno la ziada. Siku Njema, cha mwaka 1996, kilimwondoa Kongowea Mswahili Tanga na kumpeleka Kitale kumtafuta baba yake. Mwelekeo wa safari una maana. Kwa miaka arobaini msomaji wa bara alikuwa amesafiri kwa mawazo kwenda Pwani ili aelewe riwaya. Hapa riwaya ilipanda bara kumfuata, pamoja na baridi yake na mahindi yake. Mwandishi huyo alipofariki mwezi Aprili 2020, maombolezo ya wasomaji wa Kenya yalikuwa ya watu waliofiwa na mwenzao wa darasa.

Hali ya sasa ina pande mbili. Kwa upande mmoja uandishi umekuja nyumbani. Christopher Okemwa, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kisii, ameanzisha tamasha la kimataifa la ushairi la Kistrech, lililoanza mwaka 2013. Na mwaka huohuo Kennedy Bosire na Gladys Machogu walitoa kamusi kubwa ya Kigusii na Kiingereza. Nathan Ogechi alikwisha kuonyesha, katika tasnifu yake ya Hamburg ya mwaka 2002, jinsi wasemaji wanavyochanganya Kigusii, Kiswahili na Kiingereza katika tungo moja, na yeyote aliyesikiliza vijana wakijadili riwaya atakubali kwamba mjadala huo hufanywa kwa lugha zote tatu: jina la mhusika na methali kwa Kiswahili, neno la mtihani kwa Kiingereza, hukumu ya mwisho kwa Kigusii. Kwa upande mwingine, ushahidi wa historia yenyewe unapotea.

Ushahidi huo haupo katika maktaba za vyuo vikuu. Upo ndani ya majalada. Nakala ya shule hupigwa muhuri, na chini ya muhuri huandikwa orodha: jina la mwanafunzi, kidato, mwaka, na hali ya kitabu wakati wa kupokewa na wa kurudishwa. Nakala moja ya riwaya huweza kubeba majina ya miaka kumi, kutoka hali mpya hadi hali ya kuchakaa, na pembezoni mwa kurasa yamo maneno magumu yaliyofafanuliwa kwa kalamu ya risasi, mengine kwa Kigusii. Hapo mtafiti anaweza kuhesabu wasomaji wa nakala moja, na kujua ni neno lipi la Pwani lililowashinda, na katika ukurasa gani waliacha kuandika kwa sababu kisa kimewakamata. Kila orodha ya vitabu vya mtihani inapobadilishwa, nakala za zamani hupakiwa magunia na kuuzwa kwa kilo, na kurasa zake huonekana tena sokoni Daraja Mbili zikifungia njugu.